Vita vya Bama Vilivyopiganwa Temeke

Ijumaa, 1 Oktoba 1948

Leo naanza kuandika. Walioandika habari za vita wengi wao hawakuwa vitani, na sie tuliokuwa vitani hatukuandika, ndiyo maana uongo umezidi. Mie shule niliishia darasa la tatu, lakini nimekanyaga Mogadishu, Bukini, Silani na Bama, huko mbele ya Bara Hindi. Mwenye cheti chake na anisahihishie herufi, habari aniachie mwenyewe.

Sababu ya kuanza ni Mwalimu Theonest, yule Mhaya anayefundisha shule ya hapa Temeke. Kaja jioni na karatasi kwapani. Katunga mchezo wa kuigiza vita vya Bama, uchezwe kwenye holi mwezi ujao, siku za kuwakumbuka waliokufa. Nikamwuliza:

"Mwalimu, Bama wewe uliingia na kikosi gani?"

"Nilisoma magazetini, Bwana Koplo."

Nilicheka mpaka Mwanakombo, mke wangu, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Mwalimu hakukasirika. Akasema ndiyo maana amekuja, anataka mtu wa kuuangalia mchezo mambo yake ya kijeshi yawe sawasawa. Nilikubali kabla hajamaliza. Nikatoa sharti moja, nicheze mwenyewe mahali pa sajini.

"Kwani ulikuwa sajini?"

"Nilikuwa koplo. Lakini vita vingeendelea mwezi mmoja tu mbele..."

"Vingeendelea mwezi mmoja ungekuwa jenerali," akadakia Mwanakombo, "na mie ningekuwa mjane."

Jumapili, 3 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Mungu anisamehe, nilitaka kulia.

Bunduki zao za mti wameziweka bega la kulia, kama wanawake wanaotoka kuokota kuni. Saluti wanapiga kiganja kimeangalia chini, utafikiri wanakinga jua. Kofia wamevaa mabakuli ya bati. Nikasimamisha kila kitu. Bega la kushoto! Kiganja kionekane! Kofia ya Keya, jeshi letu, ni ya ukingo mpana, upande mmoja umekunjwa juu, na anayeivaa anatembea kama mtu aliyetoka kuoa.

Sadallah, fundi cherehani, ndiye Mjapani. Alikuwa anaruka huku na huku na upanga, anapiga kelele kwa lugha ambayo haipo duniani.

"Sadallah, nani kakwambia Mjapani anaruka?"

"Sasa kaka Mfaume, wewe uliyemwona, anafanyaje?"

Hapo alinishika. Mie Mjapani nimemwona mara mbili tu, mmoja alikuwa maiti na mwingine alikuwa anakimbia. Siku zote zilizobaki tulipigwa risasi na miti. Nikamwambia ajifiche nyuma ya pazia na asionekane kabisa, huo ndio Ujapani wenyewe. Akasema hakujishonea nguo ya gunia ili ajifiche nyuma ya pazia.

Halafu likatokea la Kalewa. Mwalimu ndiye anayecheza Bwana Kapteni, akasimama kifua mbele: "Askari wangu, kesho jua likichwa tutakuwa Kalewa!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nani kalewa? Kapteni kalewa? Maskini Mwalimu hakuelewa wanachekea nini. Alipoelezwa akataka kulibadili jina la mji. Nikakataa katakata. Kalewa upo, uko kando ya mto Chindwini, na sie wenyewe tulipoambiwa mara ya kwanza kwamba lazima tufike Kalewa tulijibu tuko tayari, pombe iko wapi? Likabaki. Usahihi kwanza.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Lori ninaloendesha halikutoka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimewapaka askari wote matope. Askari wa Bama msafi sijapata kumwona. Wake zao wamekuja kulalamika kwa Mwanakombo, na Mwanakombo kawaambia waniletee nguo nizifue mie.

Revelian, karani kijana, ndiye shujaa anayekufa mwishoni. Mwalimu kamwandikia hotuba ya kufa ndefu kama barabara ya Kilwa. Anaiaga Tanganyika, anaaga mito, anaaga ng'ombe. Nikamwambia, ndugu yangu, umepigwa risasi ya tumbo, ng'ombe wametoka wapi? Tumepunguza ng'ombe. Mito imebaki kwa kuwa Revelian alinuna.

Leo alikuja mtazamaji, Bi Mauwa wa nyumba ya makuti karibu na kisima. Ni mama mtu mzima, ametandika mkeka wake pembeni, kakaa kimya mpaka mwisho. Nilipopita nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu. Wasema wewe ulikuwako huko?"

"Nilikuwako! Bama nzima nani simjui mie?"

Akaniangalia sana. Akaniuliza kama namjua Mwinshehe wake. Nikasema jina silo geni. Kwa kweli kina Mwinshehe ni wengi, jina haliwezi kuwa geni.

Alhamisi, 14 Oktoba

Idi ya kuchinja. Nyama imetoka Vingunguti. Nimeshiba, siandiki.

Jumapili, 17 Oktoba

Gari la sinema la serikali limekuja uwanjani baada ya magharibi. Wametundika shuka, wakaonyesha picha ya vita. Mzungu mmoja amesimama wima katikati ya risasi anavuta sigara! Nikapiga kelele, "Lala chini, mjinga wee!" Watu wakaniambia ninyamaze. Mbele kidogo mtu kapigwa risasi, kaanguka taratibu kama anayejilaza kwenye godoro jipya. Nikasema tena. Askari polisi akaja kunishika bega, nikamwonyesha medali, akaniachia ila akaniomba nisimame nyuma kabisa, karibu na injini, ambako hakuna atakayenisikia.

Mwanakombo anasema hatakwenda tena na mie sinema wala harusi.

Jumatano, 20 Oktoba

Mvua kubwa. Vuli ya mwaka huu imeota ndevu. Sadallah kaja analalamika: nyumba ya Bi Mauwa inavuja kama chujio, yeye kapata madebe ya kuezekea, bi mkubwa kakataa. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nafikiria kofia.

Jumapili, 24 Oktoba

Lazima niandike leo ingawa mkono umechoka na usukani.

Kwenye mazoezi tulifika mahali pa baada ya mapigano. Mie sajini namwendea Kapteni, napiga saluti, nasema: "Bwana, askari mmoja amepotea."

Watu wakacheka. Holi zima. Mmoja akauliza, "Mtu mzima anapoteaje? Hana mdomo wa kuuliza njia?" Mwalimu akanitazama kama mtu anayezama. "Bwana Koplo, nibadilishe?"

"Usiguse!" nikasema. "Hilo ndilo neno la mwanzo la kweli uliloandika. Jeshini tulisema hivyo hivyo. Fulani amepotea. Kwenye gwaride, kwenye karatasi, kwa Wazungu na kwetu. Sahihi kabisa."

Mwalimu alifurahi, mara ya kwanza namsifu.

Sasa sikiliza. Tulipokuwa tunafungasha, Bi Mauwa akanifuata mpaka mlangoni. Yeye hakucheka na wenziwe.

"Mwanangu, hao waliopotea mliwatafuta?"

"Tuliwatafuta, mama."

"Mliita majina yao?"

"Tuliita."

"Wangapi waliitika?"

Mie mwenye jibu la kila kitu nikasema mvua inakuja, mama, nikusindikize.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mwanakombo kanieleza, na kanieleza kwa hasira. Kumbe mtaa mzima unajua isipokuwa mie.

Mwinshehe alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mauwa. Mwaka wa arobaini na nne alikuja tarishi wa boma, akasimama mlangoni, akamwambia mama mtu: mwanao amepotea vitani. Basi. Akaenda zake. Na Bi Mauwa akaelewa alivyoambiwa. Mwanawe kapotea. Kapotea mwituni huko, njia imemchanganya, na mtu aliyepotea ipo siku anatokea. Matanga hakuweka. Hitima hakusoma. Bati hataki, maana mwanawe aliacha nyumba ya makuti, akirudi akikuta bati atapita akidhani si kwao.

"Na Mwamvita je?" nikauliza. Mwamvita ndiye mke wa Mwinshehe, anaishi mumo humo na mkwewe.

"Mwamvita yupo tu. Si mke, si mjane. Sadallah anamtaka kwa wema, kila mtu anaona. Kadhi alishamwambia anaweza kufunguliwa ile ndoa. Hataki. Anasema akiolewa yeye, mama mkwe ataona kama kamwua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe."

Kisha akanitolea macho. "Na wewe unakwenda kumwambia Bama nzima unamjua kila mtu. Tangu siku ile kaanza tena kufagia chumba cha mwanawe."

Ugali sikuumaliza.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mvua. Lori limenasa Ukonga, tumelisukuma.

Jumatano, 3 Novemba

Nilikwenda kwa Bi Mauwa nimejipanga, maneno yote kichwani. Nitakaa, nitamwambia, mama, jeshini lile neno maana yake si hii ya mtaani.

Nimekuta masufuria sakafuni yanakinga matone, kila moja na mlio wake. Mwamvita kanipa kiti, kaingia ndani. Bi Mauwa akafurahi kuniona, akaanza yeye.

"Nyie mliorudi, mlirudi kwa njia gani?"

Nikamwambia. Malori mpaka bandarini, meli mpaka Mombasa, kisha ndiyo huku kwetu. Alikuwa anarudia midomoni, malori, meli, Mombasa, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura.

"Kumbe njia yenyewe haina makona mengi," akasema. "Ni kufika baharini tu. Akishafika baharini ataulizia."

Mie nimevuka mto Chindwini risasi zinapita kama nyuki. Leo nimeshindwa kuvuka sebule. Nikamwambia, mama, nisogezee hiyo ngazi, nikapanda juu ya paa kwenye mvua, nikachomeka makuti palipotoboka. Sadallah alipita njiani akaniona. "Kaka Mfaume, huko juu unamtafuta Mjapani?" Nikamwambia apande anisaidie badala ya kuuliza. Kapanda.

Jumapili, 7 Novemba

Nimegombana na Mwalimu. Nilimwomba aliondoe lile neno.

"Neno gani?"

"Amepotea. Sema amekufa."

Mwalimu si mtu wa kelele. Akakunja karatasi zake polepole. "Bwana Koplo, umetusumbua mwezi mzima. Bega, kiganja, kofia, matope. Nimekubali yote. Umenichinjia ng'ombe wangu wote. Neno moja ulilosema ni sahihi kabisa ni hilo, na ndilo unataka nilitoe?"

"Ni sahihi. Ndiyo taabu yenyewe. Jeshini ni sahihi, hapa Temeke ni uongo."

Nikamweleza habari ya Bi Mauwa. Akasema anamwonea huruma, lakini mchezo umekwisha kusomwa na Bwana Shauri, Mzungu wa boma, na kukubaliwa ulivyo, na yeye ni mwalimu wa serikali, hawezi kuongeza wala kupunguza. Akaniambia nikamweleze Bi Mauwa mwenyewe nyumbani.

"Nilikwenda."

"Ikawaje?"

"Nikaezeka."

Alhamisi, 11 Novemba

Gwaride mjini, penye sanamu ya askari. Nimevaa medali. Kimya cha dakika mbili. Wazungu kimya wanakiweza, sie mmoja alipiga chafya.

Jumamosi, 13 Novemba

Holi limejaa mpaka madirishani. Alasiri, jua limetoka baada ya mvua, joto la kupikia. Bwana Shauri mbele kwenye kiti na mkewe. Bi Mauwa kwenye mkeka wake upande wa wanawake, Mwamvita ubavuni mwake, Mwanakombo nyuma yao.

Mchezo ulikwenda vizuri, na nasema hivi bila kujisifu ingawa kazi ilikuwa yangu. Mabega yote kushoto. Kalewa wakacheka, Bwana Shauri akauliza watu wanacheka nini, akaelezwa, akacheka wenziwe wamekwisha. Sadallah kafa mara tatu, kila akifa watu wanapiga makofi anaamka tena.

Halafu ikafika zamu yangu. Nikatoka pembeni, nikapiga saluti. Mwalimu amesimama na kofia yake ya ukapteni, jasho linamtiririka.

Nikasema, "Bwana." Nikamwona Bi Mauwa. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri jina likiitwa.

Nikasema, "Bwana, askari wetu mmoja amekufa."

Mwalimu akaninong'oneza bila kufungua meno: "Amepotea. Amepotea."

"Hapana, Bwana. Hakupotea. Askari wangu njia anaijua. Amekufa, mwili wake ndio hatukuupata."

Nilisikia mtu anajipepea. Mwalimu alikuwa na haki ya kuniumbua pale pale, mbele ya mkubwa wake. Alinitazama, nikaona ananiuliza jambo ambalo halimo kwenye karatasi.

"Una hakika, Sajini?"

"Nina hakika, Bwana. Tumeita majina. Huyu angekuwa hai angekwisha kurudi kwa mama yake."

"Na kwenye karatasi tuandikeje?"

"Waandike wanavyojua wao, Bwana. Mama yake aambiwe amekufa."

Mwalimu akavua kofia. Halikuwemo hilo. Askari wote wakamtazama, na wao mmoja mmoja wakavua, na Sadallah, Mjapani maiti, akaketi sakafuni na kuvua ya kwake.

Sauti ya Bi Mauwa haikuwa kubwa. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Watu wa madirishani wakaitikia, kisha holi zima, na Wahaya na Wachaga wakafanya ishara ya msalaba. Mwamvita alijifunika uso kwa kanga. Mwanakombo alimshika kwa nyuma, akamshikilia.

Mchezo ukaishia hapo. Revelian alitoka nyuma ya pazia na tumbo lake la rangi nyekundu, tayari kuaga mito, akakuta watu wamesimama. Mpaka sasa hasemi na mie.

Bwana Shauri alinipa mkono, akasema nimecheza vizuri. Kwa Mwalimu alisema kitu kwa Kiingereza, mkono wake begani, nikajua hakufukuzwa kazi.

Jumapili, 14 Novemba

Bi Mauwa kaja asubuhi, hata chai hatujanywa. Hakukaa.

"Mwanangu, ulimwona Mwinshehe?"

"Sikumwona, mama. Wala simjui. Nilisema Bama nzima nawajua, ule ulikuwa mdomo tu. Nisamehe."

"Basi jana ulijuaje?"

"Nalijua neno. Jeshini, mtu aliyekufa mwili usionekane, hawasemi amekufa. Wanasema amepotea. Wote tuliowasema hivyo, mama, hakurudi hata mmoja."

Akafikiri. "Na yule tarishi alijua?"

"Sidhani. Alipewa neno akalileta."

"Maskini," akasema. "Kutembea na kitu asichokijua." Akageuka, akamwambia Mwanakombo kwamba atahitaji sufuria kubwa.

Ijumaa, 19 Novemba

Hitima imesomwa leo. Wali ulitosha watu wote, nao walikuwa wengi, Mwalimu Theonest alikuja akakaa na wazee barazani, hajui aya hata moja lakini kainamisha kichwa mwanzo mpaka mwisho. Sadallah ndiye aliyepanga mikeka na kuchota maji. Mwamvita hakuonekana, yuko ndani, ameanza kukaa eda. Nimemwuliza Sadallah kama ataweza kungoja miezi minne na siku kumi. Kaniambia, "Kaka, nimengoja miaka bila kujua nangoja nini. Hii ni kama kungoja wali uive." Kisha akaenda kupima paa kwa macho, nikamwona Bi Mauwa anamtazama na hamkatazi.

Watu walipoondoka, bi mkubwa akaniita. Alikuwa amekaa juu ya msala wake, tasbihi mkononi. Nikajua ana swali, na safari hii niliapa moyoni sitajibu nisichokijua.

"Mwanangu, mtu asiyezikwa hakuna aliyemlaza kumwelekeza kibla. Hilo ndilo linanisumbua. Huko Bama kibla kiko upande gani?"

"Magharibi, mama. Jua linakotua."

"Na sie hapa twaelekea kaskazini."

"Ndiyo."

Akanyoosha kidole kaskazini, kisha kwa mkono mwingine akajaribu kuchora hewani, kutoka mbali huko mashariki kuja magharibi. Vidole vyake vikakutana.

"Kwa hiyo mie nikitazama kwangu, na yeye akitazama kwake, macho yetu yanafika pahali pamoja?"

"Pahali pamoja, mama," nikamwambia. "Hilo nina hakika nalo. Niliswali huko mwenyewe."